Manyoya Uliyotuachia, Baba

Kumkumbuka Mzee Deusdedit Mabula (Baba Aneth), wa Masumbwe, Mbogwe

Ni mwaka mmoja leo, Baba, tangu uanguke zizini asubuhi, beseni la maji ya mwarobaini likiwa mkononi. Hatukupata hata nafasi ya kukuuguza. Tulilia, tukazika, tukaanua matanga, na tangu hapo tunafanya kazi zako. Tukuambie ukweli: tumechoka.

Ulikuwa mtu mpole na mbishi. Miaka tisa ulikamatisha dhahabu kwa zebaki machimboni, ukiichanganya kwa mikono mitupu, ukarudi nyumbani vidole vinatetemeka. Ukaapa kwamba sumu haitaingia tena kwenye kitu chako chochote, si shambani, si kwa mnyama. Ukaleta kwa lori kondoo wa sufu kutoka Kilimanjaro, na majirani waliozoea kondoo wetu wa huku wakacheka wiki nzima. "Baba Aneth, hao umewavalisha mablanketi?" Ukawajibu, "Subirini baridi ya Juni, mtakuja kuniomba." Na kweli walikuja. Kofia alizofuma Mama zimevaliwa na watoto wachanga wa nusu ya Masumbwe.

Kila alfajiri uliwaambia kondoo "Mwangaluka" kabla hujatusalimia sisi. Kisha ukaanza kuwatoa kupe, mmoja mmoja kwa kucha, ukiwatupia kuku. Bwana mifugo alikushauri kuhusu josho la dawa mpaka akachoka mwenyewe. Ulimpa chai na yai la kuchemsha, akaenda zake. Kondoo walikuwa kumi na wanne, na ulijua kila mmoja anawashwa wapi.

Siku ya kuanua matanga tulinyoa nywele, kama ilivyo desturi. Dada yako, Shangazi Euphrasia, na mdomo wake ule, akatazama zizini akasema, "Sisi tumenyoa. Na wafiwa wale je?" Watu wakacheka kidogo. Ni kweli, zilikuwa zimebaki wiki mbili tu uwakate manyoya. Mwanao Donatus akauchukua mkasi wako. Mama akasimama mlangoni pa zizi.

"Manyoya haya yameota baba yenu akiyapapasa kila siku," alisema. "Mkiyakata yataota mengine ambayo hajawahi kuyashika. Acheni, wanangu."

Tukaacha. Nani angebishana na mjane siku ile? Tulidhani ni jambo la wiki moja.

Ikawa mwaka. Jua la Septemba la huku unalijua. Manyoya yaliwafunika macho, yakashika miiba na kinyesi. Mvua zilipoanza yakaoza juu ya ngozi, na nzi wakataga humo. Tulikuwa tunatoa funza kwa kijiti, Baba, kondoo baada ya kondoo, na kuwaosha kwa mwarobaini, kwa sababu dawa ya dukani uliikataza wewe na mkasi aliukataza Mama. Mlitubana katikati ninyi wawili. Donatus, fundi pikipiki wa watu, anafunga karakana yake Nyahanga kila Jumamosi aje apumzike nyumbani, anaishia kuinamia mkia wa kondoo. Mimi Aneth, ninayeandika haya, mgongo wangu haunyooki tena. Kondoo watatu walikufa. Kuna siku nilikukasirikia wewe, kuna siku nilimkasirikia Mama, na kuna siku nilikaa juu ya ndoo nikalia tu.

Mama naye alikonda. Alishinda zizini, vidole vikiwa ndani ya yale manyoya, chakula hataki. Usiku tulimsikia akitembea uani. Tukaanza kuogopa kwamba kondoo wakiisha, na yeye atakufuata.

Wiki iliyopita yule jike mzee uliyemwita Bibi Harusi alianguka kwa joto kando ya birika la maji, akashindwa kunyanyuka. Donatus akasema taratibu, "Mama, Baba angemwacha hivi?"

Mama aliingia ndani, akarudi na mkasi, akapiga magoti. Hakuwahi kumkata kondoo manyoya maishani mwake, ilikuwa kazi yako. Alikata vibaya, ngazi ngazi, akimwomba mnyama radhi kwa Kisukuma. Alipomaliza akajaribu kulinyanyua lile rundo lenye tope, akapepesuka, tukamdaka.

"Kumbe alikuwa amebeba mzigo wote huu," alisema, "na mimi namwangalia tu."

Bibi Harusi alimwagiwa maji, akajitikisa, akasimama, akaenda kula. Kumi waliobaki Mama aliwakata kwa siku mbili, hakutaka tumsaidie. Manyoya yenyewe hayafai hata kujazia mto, Baba, usitulaumu. Tumeyafukia kwenye shamba la mahindi. Siku ya pili jioni aliomba ugali, akala, akaomba tena.

Misa ya kukuombea ilipangwa leo saa kumi na mbili asubuhi. Tumemwomba padri aisogeze hadi saa kumi jioni. Siku hizi Mama analala mpaka jua linapanda, na hatukuwa na moyo wa kumwamsha.

Unakumbukwa na mkeo Rebeka, wanao Aneth na Donatus, dada yako Euphrasia, wajukuu, majirani na wote waliowahi kukucheka. Tutakukumbuka daima, Baba, hata tukiwa tumechoka hivi.