Pumzi Nyuma ya Ukuta

Mama Nafula, mke mwenzangu,

Baba Nafula alinipigia simu akiwa na lori njiani kwenda Kampala. Akasema, "Toa vitu vya mwenzako, ule mkeka wake uchome, nyumba ufunge." Nikamjibu nitafanya. Sijafanya, na ni wewe ninayetaka kukueleza sababu.

Tangu tukuzike, mtaa wetu wa Burumba unaendelea tu. Wenzako wa magunia wanavuka mpaka asubuhi, wanarudi, wananisalimia wakiangalia chini. Mahali pako sokoni pana mama mwingine. Mimi ndiye nilishindwa kuendelea. Ikifika saa nane mchana, ile saa yetu, nilikuwa naegemeza simu kwenye kiti, nafungua video, nalala chini peke yangu.

Unakumbuka tulivyoanza? Mgongo wako ulikuwa umekataa kwa kubeba mahindi, daktari akakwambia ufanye mazoezi ya pilates, ukarudi ukaniuliza kama ni ya yule Pilato aliyenawa mikono. Tulicheka mpaka chai ikamwagika. Yule dada wa video alikuwa anakimbiza Kizungu chake, mimi nakutafsiria: vuta kitovu kama kinataka kugusa mgongo, inua kiuno, shuka pole pole. Wewe unasema, "Mwambie apunguze mwendo, mimi si gari." Na pumzi ulikuwa unaitoa kupitia lile pengo la jino, inapiga mluzi mdogo. Majirani walikuwa wanachungulia waone kama wake wenza tumeanza kupigana. Wanatukuta tumelala chali, miguu juu.

Basi siku moja baada ya matanga, nikiwa pale chini, bando likaisha. Video ikakwama. Nyumba ikanyamaza. Halafu nikasikia mluzi nyuma ya ukuta, upande wako. Unavuta, unaachia. Unavuta, unaachia. Kiuno changu kilikuwa juu, nikashindwa kukishusha.

Sikumwambia mtu. Nikasikia tena siku nyingine, na nyingine. Sikuogopa kwa ajili yangu. Niliogopa kwa ajili ya Nafula. Mtoto alikuwa ameacha kula. Alikuwa anaitika "Naam" wakati hakuna mtu amemwita. Nikasema moyoni, huyu mtoto, mama yake anamtaka.

Jumamosi nilijikaza nikasukuma mlango wako. Nje jua kali, ndani pazia limeshushwa. Nafula alikuwa amelala chali kwenye mkeka wako, anatoa pumzi kati ya meno, mluzi ule ule.

"Unafanya nini, mama?"

"Nafanya kama yeye. Nikifanya hivi, nasikia ni kama yuko."

Nilikaa sakafuni nikalia, huzuni na nafuu vikinitoka pamoja. Kumbe ni mtoto. Nikamwambia abebe mkeka aje kwangu, asifanye peke yake tena. Tangu siku hiyo tunafanya wote. Anakosea miguu, namrekebisha, ananiambia, "Lakini mama mdogo, wewe pia umekosea." Jana aliomba aongezewe ugali. Ningeuchoma vipi huo mkeka? Na nyumba yako anaingia akitoka shule, anakaa kidogo, anatoka. Siwezi kumfungia.

Ila kuna jambo lilinijia baadaye, nikiwa naosha vyombo, sahani ikaniponyoka. Ile siku ya kwanza, siku bando lilipoisha, Nafula hakuwa nyumbani. Alikuwa Malaba kwa shangazi yake. Mimi mwenyewe ndiye nilimpandisha pikipiki asubuhi.

Sijamwambia. Baba yake pia sitamwambia. Nikilala chini sasa, yule dada wa video akinyamaza, nanyamaza na mimi, nasikiliza. Pumzi yangu naijua. Ya Nafula naijua. Wakati mwingine...

Mwenzangu, mtoto wako nitamlea. Atasoma, atakula ashibe, na mgongo wake hautabeba magunia kama mimi bado niko hai. Hiyo nakuahidi. Na wewe nakuomba moja. Ukitaka kuja, njoo kwangu, lala upande wangu, mimi nimeshakuzoea. Lakini Nafula usimwite. Hata yeye akikuita, nyamaza. Mwache awe mtu mzima, azae, azeeke.

Pumzika, dada. Mwache kwangu.

Mwenzako,
Amoit