Mizunguko Thelathini

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta kifua kimetulia na usingizi unaupata. Kaka ameniambia kwamba sasa unapanda ngazi za kwake bila kusimama katikati, nami nilifurahi hata nikamsimulia muuza duka, ambaye hakuwa ameuliza. Mimi ni mzima wa mwili. Paa halivuji, na kuku wako wawili wanaendelea kutaga kwenye kikapu changu cha nguo kana kwamba nimewapangishia.

Umeuliza mara tatu habari za kazi yangu, nami mara tatu nimekujibu kwa kifupi. Leo nitakueleza zote, kwa hiyo kaa chini kwanza.

Unakumbuka jinsi marehemu baba alivyolitunza tangi la bayogesi pale kwenye jiko la shule. Asubuhi alimimina samadi na mabaki ya chakula, akakoroga mizunguko thelathini kwa ule mwiko wake mrefu, jioni thelathini tena, kisha akakaa kwenye kigoda na gazeti lake. Wapishi walimwita Bwana Mapumziko, nami niliyekuwa nikimpelekea chakula nilitamani ardhi inimeze. Aliniambia kwamba vijidudu vya mle ndani hula kwa kumegeana, na ukiwatimua kila saa wanalala njaa. Nilidhani anajitetea tu.

Basi nilipoirithi kazi yake niliapa kwamba hakuna atakayeniita jina hilo. Nilimsumbua meneja hadi akanunua mota yenye mapanga ya kukorogea. Nikawa naiwasha asubuhi na kuizima jioni. Wiki ya kwanza lile tando gumu linaloelea juu ya tope lilivunjika, gesi ikaja kwa wingi, na mpishi mkuu akatangaza kwamba mtoto amempita baba. Mama, nilivimba kichwa.

Wiki ya nne moto ulianza kuyumba. Kifuniko cha tangi kilikuwa kimepanda juu, maana yake gesi imejaa tele, lakini mpishi akisogeza kiberiti, gesi yenyewe inakizima. Tangi likanuka kama maziwa yaliyochacha. Kwa akili zangu nikaona halijakorogwa vya kutosha, nikaacha mota izunguke bila kuzimwa hata kidogo. Kufikia wiki iliyofuata shule ilikuwa imerudi kwenye kuni, na wapishi hawakunisalimia.

Ndipo meneja akamwita mtaalamu, mama mmoja mpole mwenye buti za mpira. Alichovya karatasi, ikageuka rangi, akasema tangi limejaa asidi. Akaniuliza mota inazunguka saa ngapi kwa siku. Nilipomjibu akanieleza bila ukali kwamba kukoroga kunatakiwa kuwe kwa upole, kwa vipindi, dakika chache tu ili chakula kiwafikie vijidudu, kisha waachwe watulie. Mimi nilikuwa nawatenganisha wasiweze kusaidiana. Maneno ya baba yaleyale, Mama. Nilitaka kulia nikaishia kukohoa.

Alisema dawa ipo. Mota izimwe, tangi lisilishwe, litiwe chokaa, kisha ziletwe ndoo kadhaa za tope hai kutoka tangi jingine lenye afya, na ingekuwa bora zaidi kama tangi hilo lilianzishwa kwa tope la hili hili. Akauliza kama tunalijua lolote la karibu. Meneja akanigeukia mimi.

Mama, siku nne kabla hajafika nilikuwa nimeshalichota tangi letu la nyumbani. Lile lile alilolichimba baba nyuma ya jiko daktari alipokukataza moshi, akalianzisha kwa tope la shule. Nilijiambia mtoto atamponya mzazi. Nilibeba ndoo ishirini na sita, nikakwangua hadi sakafu, nikazimimina zote huku mota inazunguka. Vijidudu wote wakafia humo humo. Letu nimelijaza samadi mpya na maji, lakini halijaamka. Nilipomfuata mtaalamu pembeni na kumwambia ukweli, alisema litachukua miezi miwili, labda mitatu, na hakuna mtu awezaye kuliharakisha.

Kaka hajui. Jana alipiga simu kwa furaha kuniambia umeshafunga mizigo, unarudi Jumamosi, na kwamba umechoka kupikiwa na watu. Nikajibu tu, “Karibuni.” Kwa hiyo nampa jirani anayesafiri kesho barua hii, nikiomba ikuwahi. Usije bado, Mama. Jikoni pana mkaa mtupu, na mimi mwenye kifua kizima nakohoa, sembuse wewe. Najua utakuja tu, maana sijawahi kukuona ukighairi safari, na sijui nitafanya nini nikikuona mlangoni.

Asubuhi na jioni nalikoroga tangi letu kwa mwiko wa baba, mizunguko thelathini, kisha nakaa kwenye kigoda chake kwa sababu hakuna kingine cha kufanya. Baadaye naingia jikoni kujaribu kuwasha gesi. Leo nimemaliza njiti tatu za kiberiti.

Nisalimie kaka na wifi, na watoto uwabusu kwa niaba yangu. Nisamehe ukiweza.

Ndimi kitindamimba wako,
mtoto wa Bwana Mapumziko