Kreti Nane za Mama Josias

Jumanne, 20 Februari 2024

Nimekwenda kwenye duka la mvinyo la Etterbeek kulipia hifadhi ya mvinyo wangu, kama kila Februari. Duka limefungwa. Si kwa leo tu — limefungwa kabisa. Vioo vimebandikwa magazeti. Mlangoni kuna karatasi ya mahakama: duka limefilisika, mali yote iko mikononi mwa curateur, yaani wakili aliyepewa kazi ya kulifunga. Mwenye mvinyo ndani ajitokeze na uthibitisho kabla ya Ijumaa tarehe 1 Machi, saa kumi na moja jioni. Ule usio na mwenyewe utapigwa mnada.

Karatasi ina tarehe ya Januari! Barua bila shaka walimtumia Papa Guido, mzee aliyeninunulia. Papa Guido yuko makaburini mwaka wa pili huu.

Kreti zangu nane ziko chini ya sakafu ile. Nimesimama pale barabarani nikichungulia kati ya magazeti kama mwizi. Chupa tisini na sita. Masomo ya Josias yote yamo humo.

Jumatano, 21 Februari

Niandike kwa mpangilio, kichwa kinazunguka.

Papa Guido nilimhudumia miaka minane. Miguu, dawa, supu, hasira zake. Alifundisha shule kwetu Bukavu miaka ishirini na akarudi na Kiswahili chetu chote. Siku ya kwanza hakuniuliza jina. Aliniuliza kama mtu wa kwetu: "Na we, uko mama nani?" Kule ukiwa mwanamke mzima huitwi Euphrasie hivi hivi, unaitwa kwa mtoto wako wa kwanza. Ni heshima.

Hapa Ulaya hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Neno likanitoka: Mama Josias.

Nilitaka kulirudisha. Alishaliandika kwenye kalenda ya jikoni.

Josias nilimzaa nikiwa na miaka kumi na sita. Siku ya tatu Maman, mama yangu mzazi, akamchukua mikononi mwangu na kumwandikisha kama kitinda mimba wake. Akaniapisha juu ya Biblia: wewe ni dada yake, basi. Mpaka leo Josias ananiita yaya, yaani dada mkubwa. Nilipofika hapa mwaka 2012 waliniuliza kama nina watoto, nikajibu sina. Kanisani pia sina. Wananiombea nipate.

Mvinyo ulikuwa wazo la Papa Guido. Alisema mvinyo mzuri ukikaa, bei inapanda. Basi kila Desemba nilimpa kitu kutoka mshahara wangu, naye akaninunulia kreti moja. Tuliziacha dukani kwa sababu chumba changu cha Laeken kina joto la tanuri. Aliandika mwenyewe kwenye mbao, kwa rangi nyeusi, herufi kubwa: MAMA JOSIAS. Kila mwaka nilimwomba mwenye duka anishushe chini nizione. Sikuwa naenda kuona mvinyo.

Alhamisi, 22 Februari

Ofisi ya curateur, ghorofa ya pili. Msaidizi wake anaitwa Nele, msichana mpole mwenye mafua. Nimempa risiti zangu nane. Nimempa kitambulisho.

Akasoma kimoja, akasoma kingine. Risiti zote: Mama Josias. Kitambulisho: Euphrasie Nabintu. Akauliza huyu Mama Josias ni nani.

Nikamweleza desturi. Akaelewa vizuri kuliko nilivyotegemea. Akasema, bon, basi ni rahisi, nilete cheti cha kuzaliwa cha Josias chenye jina langu.

Nikamwambia sina cheti hicho. Cheti kina jina la Maman.

Akageukia kompyuta, labda nimeandikwa pamoja na mtoto kwenye nyumba yangu. Akatazama. Akaniambia taratibu kwamba kwa karatasi, Madame, huna mtoto. Hakuwa na ubaya wowote. Akapenga kamasi.

Nimeteremka ngazi. Hilo neno nimelisema mwenyewe miaka kumi na miwili. Kulisikia kwa mwingine ni jambo jingine.

Nele amesema niangalie kama kuna mtu aliyejua kreti ni za nani. Yupo mmoja: Madame Renée, mjane wa Papa Guido.

Jumamosi, 24 Februari

Koekelberg, nyumba ya wazee. Madame Renée siku hizi husahau hata kama amekula. Nilijua nitaanza kujitambulisha upya.

Nimeingia tu, akainua kichwa: "Mama Josias. Mutoto iko nasoma muzuri?"

Nimejibu ndiyo. Anataka kuwa daktari. Kisha nikatoka kidogo kwenye korido na kulia, muuguzi akaniletea maji.

Amesaini. Nilimwandikia maneno, akayanakili pole pole kwa mwandiko mzuri wa zamani: mwanamke huyu ndiye Mama Josias, kreti ni zake. Nimebeba ile karatasi kwenye basi kwa mikono miwili.

Jumatatu, 26 Februari

Haikubaliki. Madame Renée yuko chini ya msimamizi wa mahakama, saini yake haina nguvu. Nele aliona aibu kuniambia, niliona.

Lakini ameuliza umri wa Josias. Kumi na tisa? Alors, ni mtu mzima! Aandike mwenyewe kwa mkono kwamba Euphrasie Nabintu ni mama yake, atie saini na aambatanishe kopi ya kadi yake ya utambulisho. Kwa hali hii curateur atakubali. Picha ya simu inatosha.

Amesema tena ni rahisi. Neno hilo analipenda.

Jumanne, 27 Februari

Asubuhi nzima nimezunguka na simu. Nikipiga nguo pasi, simu mfukoni. Nikimwogesha Mzee Bram wa ghorofa ya tatu, simu mfukoni.

Mwishowe nimedanganya. Nimemtumia Josias ujumbe wa sauti: kuna mvinyo niliwekewa akiba, ni kwa masomo yako, wazungu wa hapa wanataka kakaratasi fulani, formalité tu, utaratibu wa ofisi. Andika kwamba mimi ni mama yako. Usimsumbue Maman.

Ukweli nimeutuma kwa mwanangu nimeuvika nguo za uongo, ili apite nao bila kuutambua. Sijui hata hilo linaitwaje.

Alhamisi, 29 Februari

Amejibu leo kwa sauti. Nimeisikiliza mara tano.

"Yaya, pardon sana. Ile karatasi siwezi kuiandika. Ni uongo, na miye njo nitaweka signature. Maman alituzoeza hapana kusema uongo. Nitatafuta njia ingine ya inscription, usijisumbue, yaya. Aksanti kwa yote."

Nani alimlea mtoto mnyoofu namna hii? Maman. Yeye aliyemfundisha Biblia kwa kitabu kile kile alichoniapishia mimi. Nimecheka peke yangu jikoni, kicheko kibaya. Halafu nikajivunia, nikakasirika kwamba sina ruhusa ya kujivunia.

Hakuna njia nyingine ya kulipa inscription, ada ya kuingia chuo. Najua maisha ya pale nyumbani. Maman anauza sambaza, samaki wadogo wa kukaushwa, sokoni Kadutu, beseni moja kwa siku.

Nikinyamaza, kreti zinaenda mnadani na Josias anabaki na mama mmoja na dada mmoja, kama kawaida. Nikisema, anaweza kupata masomo na asitake kunisikia tena. Nimejiweka mwenyewe humu, ufunguo nikautupa nje.

Ijumaa, 1 Machi

Saa nane. Nimeomba ruhusa kazini. Niko kwenye benchi la korido ya curateur. Naandika ili mikono iwe na kazi.

Saa nane na nusu. Nimemtumia. Sauti fupi, sikuirudia: "Josias. Andika. Haiko uongo. Nilikuzaa miye." Nikaongeza siku, mwezi, jina la zahanati, na kwamba alizaliwa mvua ikinyesha na kitovu chake kilifungwa kwa uzi mwekundu wa kushonea wa Maman.

Amesikiliza. Alama zimegeuka bluu.

Saa tisa. Naitazama simu.

Saa tisa na nusu. Nele amepita na kikombe chake, akaniuliza kwa macho. Nimetikisa kichwa. Ameniletea chai ambayo sikuomba.

Saa kumi na dakika kumi. Picha imeingia!

Mwandiko wake, wino wa bluu, mistari imenyooka. Mimi Josias, nimezaliwa Bukavu, tarehe fulani, ninathibitisha kwamba — hapo ameacha nafasi. Nafasi ya jina langu, ndefu kama kidole. Kisha: ni mama yangu. Kadi yake iko pembeni. Saini hakuna.

Chini ameandika kwa penseli: "Nangojea Maman arudi ku soko. Nitamuuliza yeye kwanza."

Hakuandika yaya. Hakuandika kitu kingine.

Nimempigia Maman. Simu inalia nyumbani bure, sokoni haendi nayo, anaogopa wezi.

Saa kumi na nusu. Bukavu ni saa kumi na moja na nusu. Nele amesema curateur anafunga saa kumi na moja kamili, yeye hawezi kumzuia hata dakika moja. Nimemwonyesha picha. Ameangalia ile nafasi, akaniangalia mimi, safari hii hakusema ni rahisi.

Saa kumi na dakika arobaini. Sasa Maman amekwisha kufunika sambaza zilizobaki. Anapanda ile njia ya mawe na beseni kichwani, anasimama mara mbili kwa sababu ya goti. Josias amekaa mlangoni na karatasi na kalamu. Maman ndiye aliyeniapisha, na hajawahi kumwambia Josias uongo mwingine wowote.