Mume Wangu Anatetea Bangi Redioni, Shemeji Yuko Ndani kwa Ajili Yake

Mpendwa Mama Epuyo, naomba unisaidie maana kichwa kinataka kupasuka na hapa kambini Kakuma sina wa kumwambia, mimi ni mama wa watoto watatu na mume wangu Makuei unamjua wewe na kila mwenye redio, ndiye yule anayepiga simu kila kipindi akidai bangi ihalalishwe, kwamba miraa inauzwa sokoni mchana kweupe na pombe ndiyo inaua watu, na wasikilizaji wanamsifu, hata mimi nilikuwa namsifu.

Basi mwezi uliopita, siku ya mgao wa chakula, polisi waliingia kwetu asubuhi, wakapekua, wakakuta misokoto ishirini ndani ya gunia la mtama, na ni ya Makuei lakini yeye alikuwa kwenye foleni ya mgao, nyumbani tulikuwa mimi na shemeji yangu Malual, mdogo wake, aliyekuja kutoka Bor, Sudan Kusini, mwaka jana na ana kadi yake ya ukimbizi peke yake, hayumo kwenye faili yetu, wakauliza ni ya nani, na mimi, Mungu anisamehe, nikakumbuka faili yetu ya kwenda Amerika imebaki mahojiano ya mwisho na mwenye kesi haendi popote, nikamnyooshea Malual kidole. Alinitazama, kisha akawaambia, "Ni yangu."

Wakampeleka Malual mahabusu Lodwar, Makuei akaenda kumwona mara moja tu, akamwambia avumilie, akifika Amerika atamtolea ng'ombe thelathini wa mahari, na kijana akakiri kortini, hukumu ni Alhamisi ijayo. Halafu Jumapili namsikia Makuei redioni, "Kuna kijana wa Bor anaoza Lodwar juu ya majani! Serikali haina huruma!" Wanawake bombani wakaniambia nimeolewa na mtu mwenye moyo. Nilipomsihi aende akaseme ukweli akaniuliza, "Wewe unataka watoto wazeeke hapa?" Mama, nifanye nini?

Nyaboth

Ejok, nakusalimu kwa Kiturkana, Nyaboth. Majina yenu nimeyageuza, lakini mumeo akisoma atajijua, na ajijue.

Nakuonea huruma, na nina hasira nawe. Kama bangi ihalalishwe au la, sitabishana hapa. Wapo wenye hoja nzuri na wapeleke hoja zao Bungeni. Lakini mpigania jambo hulilipia mwenyewe. Mumeo anapiga kelele redioni huku mdogo wake analala mahabusu, kisha anamfanya mfano wa hotuba. Huyo si mtetezi wa mtu. Ni mwoga mwenye sauti kubwa.

Na hao ng'ombe thelathini wako wapi? Ndege hajapanda, zizi keshajaza! Kaka mkubwa humsaidia mdogo wake mahari kwa sababu ni wajibu wake. Tangu lini wajibu huo ukawa bei ya kumpeleka mtu jela?

Sasa sikiliza. Kesho asubuhi nenda kwa wanasheria wanaosaidia wakimbizi bure hapo kambini. Waambie yote, pamoja na hicho kidole chako. Waulize kama Malual anaweza kubadilisha maneno yake kabla ya hukumu, na wewe utajibu nini kwa kuwadanganya polisi, maana utaulizwa. Mimi si wakili. Omba kibali cha kutoka kambini mapema, bila karatasi hiyo polisi watakurudisha kwenye kizuizi cha barabarani. Mpe Makuei mpaka Jumatatu aende Lodwar mwenyewe akaseme ukweli. Akikataa usimbembeleze, nenda.

Safari inaweza kuvunjika, sitakudanganya. Watoto wanaweza kukulia kwenye vumbi hilo hilo na mumeo akakulaumu mpaka kaburini. Ni uchungu, na hakuna wa kukubebea.

Lakini usiniulize ufanye nini kana kwamba hujui. Polisi walipouliza ni ya nani, yule kijana alingoja kwanza akusikie wewe. Mpaka leo anangoja.