Asiyetetemeka

Jumapili, 18 Agosti 2024

Niwie radhi, shajara. Tangu Pasaka sijakufungua, na udhuru wa maana sina. Uvivu wa mstaafu tu. Leo nimerudi kwa sababu nina furaha, na ndani ya furaha hiyo kuna kitu kinanichoma ambacho sitaki kukisema kwa sauti.

Mjukuu wangu Herbert amefika hapa Malukhu kutoka Wanyange, kwa mama yake. Jumamosi atasimama mbele ya ngariba, kama alivyosimama marehemu baba yake, mwanangu, na kama nilivyosimama mimi. Mdogo wangu Nangila ndiye msimamizi wa shughuli. Sauti imeshamkauka kwa kuimba. Mchana alimfinya Herbert paja kwa koleo la fundi, mbele ya watu wote, kumjaribu. Herbert hata hakugeuka! Aliendelea kutafuna muwa. Ua mzima ukaangua kicheko. Nangila akapiga kelele: "Afande, huyu si mtu, ni jiwe la mlima Wanale! Ngariba ndiye atakayeomba msamaha!"

Nilicheka nao. Kisha Herbert akasinzia akiwa ameketi, muwa ungali mdomoni. Nilipomwamsha nilimtazama macho. Tulikuwa kivulini, na bado mboni zilikuwa ndogo mno. Macho kama hayo niliyaona miaka yangu mingi ya uaskari gerezani, kwa wafungwa wapya waliotoka mijini.

Ni uchovu wa safari. Nimejiambia hivyo.

Jumanne, 20 Agosti

Topista, mama yake Herbert, amepiga simu. Hakusalimu sawasawa, yeye ambaye husalimu mpaka mbuzi! Aliuliza kama mtoto anakula. Kama anatoka. Anatoka na nani. Nikamwambia: sema unalotaka kusema.

Akalia. Ni heroini. Mwaka wa pili sasa. Anasema vijana wa pale kwao ziwani wamekwisha: nyavu za baba zao zimeuzwa, sufuria zimeuzwa, na akina mama siku hizi wanafunga jiko kwa kufuli. Jirani yake Namwase alimzika mwanawe mwezi wa Mei, akasema ni malaria. Waombolezaji wote wakaitikia: malaria.

"Baba, nilidhani kisu kitamrudisha. Wanasema mtu akishakuwa mwanaume anaacha utoto."

Utoto!

Nilitaka kumkemea. Badala yake nikakata simu. Ninaogopa.

Jumatano, 21 Agosti

Nimemwita Herbert nyuma ya banda la kuku. Hakukana. Ni mpole, ana adabu, na hilo ndilo linalonitisha. Alieleza kwamba akikosa siku moja tu, mwili unatetemeka, pua inatiririka, miguu inarusha mateke yenyewe. "Na Babu, unajua wanavyomfanya anayetetemeka."

Ninajua. Ukitikisika mbele ya kisu, hata ukope tu, utaitwa mwoga mpaka kaburini, na watoto wako wataitwa watoto wa mwoga. Ukikimbia, vijana watakusaka na kukukata popote watakapokushika, kwa kisu chochote.

"Kwa hiyo Jumamosi nitaongeza kidogo," akasema, "nisije nikakuaibisha."

Nisije nikakuaibisha!

Alhamisi, 22 Agosti

Ngoma zimeanza. Nilitoroka kelele nikaenda kwa Obura, aliyekuwa muuguzi wa gereza letu; sasa ana duka la dawa karibu na viwanda. Ni mtu wa kaskazini, kwao hawatahiri. Kwanza alinitania: "Afande, sisi hatukatwi na bado tunazaa!" Nilipomweleza, utani ukakoma.

"Sikia, bwana. Maumivu ndio inamwamsha. Ikipoa, mtu ya heroini nasahau kupumua."

Kiswahili chake ni kilekile cha kambini. Leo sikuwa na moyo wa kumsahihisha. Akashauri hospitali: kwanza kijana asaidiwe kuacha dawa hiyo, kukatwa kutakuja baadaye. Nikamuuliza nitamwambia nini Nangila. Akarudi kupanga chupa zake.

Nilirudi nikiwa nimeazimia kusema. Uani nilimkuta Nangila akimpaka Herbert chachu ya ulezi usoni. Alikuwa analia kwa furaha, analitaja jina la mwanangu marehemu. Sikusema.

Ijumaa, 23 Agosti

Gaster, kijana wa jirani, amekatwa leo mchana. Wiki nzima tulikuwa tukimcheka: anaruka hata akichomwa na mwiba! Mama yake, Nabalayo, alikwisha kuanza kuwaomba watu radhi mapema. Leo amesimama kama mlingoti. Filimbi zikalia, Nabalayo akacheza mpaka kitambaa cha kichwa kikadondoka. Wakamkalisha Gaster kwenye kigoda, wakamfunika shuka. Mwacheni apumzike, wakasema, mwanaume amechoka.

Hakuamka. Midomo ikawa rangi ya majivu. Nikamwita Obura kwa simu. Alikuja mbio, akampulizia pumzi kinywani, huku wazee wakimfokea kwamba asiyetahiriwa asimguse. Kijana yuko hospitali, anapumua kwa mashine. Nangila anasema ni uchawi wa upande wa mama. Wengine wanasema ni damu nyingi iliyomtoka.

Nilimtazama Herbert. Akatazama chini.

"Aliniomba, Babu. Alikuwa anaogopa sana."

Nikamuuliza kama amewapa wengine. Akasema: hapana, ila wanaoomba ni wengi. Wameona alivyofinywa kwa koleo asitikisike.

Mungu wangu! Kicheko changu kilikuwamo katika kile kicheko.

Jumamosi, 24 Agosti

Nimejifungia chumbani. Nimesema ninavaa.

Asubuhi nilimwamuru Herbert anikabidhi kete zake za heroini. Alinipa bila ubishi. Ziko mfukoni mwa koti langu, hata hazina uzito. Sasa jasho linamtoka, anapiga miayo, ngozi imesimama kama ya kuku aliyenyonyolewa. Topista amefika, amekaa kimya ndani, kama desturi inavyomtaka mama. Hanitazami. Au ananitazama ninapogeuka.

Obura ameegesha gari nyuma ya nyumba. Ametuma ujumbe: Leta yeye sasa. Habari ya Gaster bado ni ileile.

Nikimpitisha Herbert nyuma, watajua kabla ngoma hazijanyamaza. Watamsaka mpaka wodini, na jina la mwanangu litakuwa tusi hapa Malukhu. Nikimrudishia kete, atasimama kama jiwe. Watashangilia. Watamfunika shuka. Nisipofanya lolote, atatetemeka mbele ya ukoo mzima, na mimi nikiwa nimesimama kando yake.

Ngoma zimepita kanisa. Zimeingia kwenye njia yetu.

Herbert amekuja mlangoni, uso mweupe kwa chachu, meno yanagongana. Amesema polepole, bila hasira: "Babu, nirudishie, au nipeleke. Lakini usininyamazie."

Sijamjibu. Yupo hapo nje bado, ninamsikia akivuta kamasi.

Nangila amefika uani na filimbi yake. Anaita kwa sauti yote iliyombakia: "Afande! Tutolee mwanaume wetu!"

Nikishaamua nitakuandikia. Kwa sasa sijui hata nitoke kwa mlango upi.