Kadi ya Mwenza

Jumatatu, 3/2/2025
Majaruba ya Lumemo. Tunapandikiza mpunga toka saa moja, maji ya magoti. Kuwasha kumezidi. Uchafu unatoka wa njano, una povu, unanuka. Wiki ya pili hii. Nimejifunga vitenge viwili wenzangu wasisikie harufu.
Sikitu tunapanda mstari mmoja. Nimemnong'oneza. Kasema ni maji ya jaruba hayo, wote tunayo, wewe mama Omega unajidekeza tu. Jioshe na jiwe la shabu, linakausha.

Jumanne, 4/2
Shabu! Moto mtupu. Nimekaa kwenye beseni la maji namlaani Sikitu na ukoo wake.

Jumatano, 5/2
Kibaruani sikwenda. Zahanati. Nesi Tekla kanipima. Nilipotaja shabu kafoka. Ndani hakuoshwi, kunajisafisha kwenyewe, nje maji yanatosha. Ute mweupe usionuka wala kuwasha ni kawaida ya mwanamke. Huu wangu ugonjwa. Wa kuambukizana, siyo maji ya jaruba.
Nikamwambia mimi mjane, Fidel kafa mwaka wa nne huu. Kasema pole, lakini Fidel siye aliyekuambukiza. Tukacheka wote wawili.
Kauliza nina mimba? Sina. Kasema afadhali, mwenye mimba anaweza kuzaa kabla ya siku.
Vidonge siku saba. Pombe hapana, hata kikombe cha komoni. Mwanaume hapana. Na kadi ya mwenza — aje atibiwe, asipokuja ugonjwa utarudi.

Alhamisi, 6/2
Mwenza ni Masanja. Msukuma anayetuvurugia tope la majaruba kwa ng'ombe kabla ya kupanda. Toka msimu uliopita. Hakuna anayejua.
Nimemngoja afungue nira, nimempa kadi. Kaigeuzageuza. Kasema yeye haumwi, alishajichoma OTC mwezi wa kumi na mbili.
Sindano ya ng'ombe!
Eti hata mimi anaweza kunichoma, chupa anayo, dume lake lilipona. Nikamwambia mimi siyo dume lako.
Nimefika nyumbani, napepeta mchele, ndiyo akili inakuja. Alijichoma mwezi wa kumi na mbili. Kwa hiyo alijua. Krismasi kaja kwangu anajua.

Jumamosi, 8/2
Kuwasha kumepungua. Mdomoni vidonge kama nimelamba msumari.

Jumapili, 9/2
Nimetoka misa, Masanja kanifuata Kibaoni nanunua dagaa. Kasema sawa, Jumanne atakuja. Nikamuuliza, na Nyamizi?
Mke wake. Yuko Chita, mimba miezi sita. Najua toka mwanzo. Nilijifanya Chita ni mbali.
Kachora mchanga na fimbo. Mama Omega, utanivunjia nyumba. Nikamwambia mimi sivunji, mimi nameza vidonge. Mlete. Usipomleta, Jumatano napanda treni, naenda kumwambia mwenyewe.
Kaondoka hajaaga. Dagaa nimeisahau gengeni.

Jumatatu, 10/2
Kazi. Sikitu kaniuliza shabu vipi. Nimemwambia aache, aende kwa nesi. Kasema, mh, mama Omega siku hizi daktari.

Jumanne, 11/2
Zahanati, saa tatu. Naandika hapa benchi.
Wamekuja na bodaboda. Nyamizi kumbe mtoto — ishirini hivi. Tumbo limesimama. Kaniamkia, shikamoo dada. Marahaba yangu imetoka nusu. Kakaa katikati, Masanja kule, mimi huku.
Kaniuliza na wewe umekuja kupima mimba?
Hajui! Masanja hakumwambia. Kamdanganya ni kliniki ya mimba tu. Anafurahi. Kasema wanaume wengi hawawasindikizi wake zao, wa kwake kajitolea mwenyewe, kaacha hata ng'ombe.
Nimemwangalia Masanja. Anaangalia viatu.
Nesi Tekla kachungulia mlangoni. Aliyekuja na mwenza aingie.
Nyamizi kasimama, anamvuta Masanja mkono. Masanja hanyanyuki. Ananiangalia mimi.
Kalamu naiweka. Nasimama na mimi, niingie nao, Nyamizi asikie.