Maji ya Mwezi wa Saba

Baba Neema wangu,

Huku Katoro vumbi limeanza tena, na asubuhi tunaamka tumejikunja kwa baridi. Hali yako siulizi, maana huko uliko hakuna bodaboda inayofika wala simu inayoita. Ya kwetu nitakueleza. Tuko wazima. Neema amekuwa mrefu, magauni yote yamemkimbia, na bado anacheka kwa pua kama wewe. Sasa hivi amelala. Nimekaa mlangoni, nasikia mashine za kukoboa mpunga zikinguruma upande wa sokoni, lakini mawazo yangu yote yako ziwani.

Nakuona mwaloni kwenu, pale wavuvi wanaposhusha samaki, jua la mwezi wa pili limesimama utosini, maji yametulia kama uji uliopoa. Umeingia hadi kiunoni na unanicheka. Mimi mzaliwa wa Ngokolo, niliyeyajua maji kwenye ndoo na kwenye lambo la ng'ombe, nimeng'ang'ania khanga yangu ufukweni. Ulisema sisi watu wa Shinyanga tunayaogopa maji kwa sababu tumezoea kuyanunua. Nikakujibu kwamba ninyi Wazinza mmeyazoea mpaka yanawazika. Mama yako alicheka akaangusha kikapu cha dagaa. Ukanishika mkono katikati ya utani huo, na nilipokuja kushtuka nilikuwa nimeshaloa.

Nilikueleza kwamba kwetu lambo hupimwa kwa ng'ombe. Ng'ombe akisimama na maji yakamfika tumboni, mtoto anaruhusiwa kufika hapo. Ng'ombe akianza kuogelea, mtoto anaitwa arudi. Nikakuuliza ng'ombe wa ziwani wako wapi. Ulicheka mpaka ukapaliwa, kisha ukanionyesha kipimo chako. Ukanishusha polepole. Maji ya juu yalikuwa vuguvugu kwa jua la siku nyingi, yananibembeleza mabega, mara nyayo zangu zikagusa ubaridi uliolala huko chini. Nikakukumbatia shingo kwa nguvu.

"Umesikia?" ulisema. "Hapo ndipo kina kinapoanzia. Miguu ikisikia baridi, geuka urudi."

Neema alijifunza neno hilo akiwa mabegani mwako. Akaligeuza mchezo. Asubuhi akikanyaga sakafu ya saruji alisema miguu imesikia baridi, akarudi zake kitandani, na wewe ukamtetea nisimwamshe. Mlinichosha nyie wawili. Ningetoa chochote mnichoshe tena.

Miaka yetu ilikwenda hivyo. Mvua zikianza, maduara yenu ya dhahabu yanajaa maji, wachimbaji mnapanda juu, nawe unarudi nyumbani na udongo mwekundu kwenye kucha. Hiyo ndiyo ilikuwa miezi yetu ya ziwa. Jumapili tukitoka kanisani tunapanda bodaboda mshikaki, Neema katikati, tunakwenda kwa mama yako. Ulikuwa unatukataza kuingia karibu na mafunjo, ukihofia kichocho, na wingu jeusi likisimama ng'ambo ulikuwa unatutoa majini hata kama ndiyo kwanza tumeingia. Mvua zikikatika unafunga begi, unarudi machimboni. Kwa hiyo ziwa la kipupwe sikuwahi kuliona. Sikuwaza hata kwamba lina kipupwe chake. Nililiota siku zote likiwa na joto, na wewe umesimama ndani yake.

Hata kile kifua kilichokuondoa kilikukuta huko huko kwenye maduara, kiangazi, sisi tukiwa huku.

Likizo hii Neema aliomba twende kwa bibi yake. Tulifika ziwani asubuhi, upepo haujaamka, mvuke mweupe ukipanda kutoka majini taratibu kama watu wanaoinuka kusali. Hewa ilikuwa inauma masikio. Neema akatumbukiza mguu, akageuka ananicheka, akasema maji ni ya moto. Nikachovya mkono. Kweli, kwa baridi ile ya nje, maji yalikuwa kama yametoka jikoni. Nikamruhusu. Nikakaa kwenye jiwe nimejifunika khanga mbili, nikawa nautazama ule mvuke, na sijui ulinichukua wapi. Nilikuwa na wewe, hilo nalijua.

Upepo ndio ulioniamsha. Nilipotazama, kichwa cha mwanao kilikuwa mbali, kidogo, na mawimbi yalikuwa yameanza kukipita juu.

Niliingia na gauni langu. Nilitembea nikitafuta ule ubaridi kwa nyayo, unijulishe kina kinaanzia wapi, lakini sikuupata. Maji yalikuwa yale yale juu na chini, yakafika kifuani, yakafika shingoni, kisha ardhi ikaisha bila kuniaga. Nikaogelea ulivyonifundisha, vibaya vibaya, hadi nikamshika. Nikamlaza chali, nikamvuta kwa kwapa, huku nikiliita jina lako na la Mungu bila mpangilio. Tulipogusa mchanga alikuwa anatetemeka, midomo imepauka.

"Mama, nilikuwa nasubiri miguu isikie baridi," alisema. "Haikusikia."

Mama yako alipokuwa anamkanda miguu karibu na moto alishangaa kwamba hatukujua. Kipupwe upepo unalikoroga ziwa, alisema, maji ya chini yanapanda na ya juu yanashuka, baridi haina tena mahali pake. Kila mtoto wa mwaloni anakua akijua hivyo. Akaongeza kwamba vuguvugu la asubuhi ni hewa inamdanganya mtu. Akikaa majini kidogo tu, joto lote linamtoka na mikono inakataa kazi.

Nilikukasirikia, Baba Neema. Nililala nimekununia kama vile uko upande wa pili wa kitanda. Mwanangu alikuwa anazama akiwa anakutii. Asubuhi ndipo hasira iliponilegea, nikakulilia upya. Hukutuficha kitu. Kila kipupwe ulikuwa chini ya ardhi unatutafutia, na ulipokuja kwetu ulikuja na joto. Ungetufundishia wapi baridi, nawe hukuwahi kuwa nasi siku za baridi?

Neema aliapa hataingia tena majini. Nilijua nikimwacha na hofu ile atabaki nayo maisha yote, na watoto wa mwaloni hawaachi kumwita mwenzao. Basi kesho yake nikasubiri jua lipande kidogo, upepo ukiwa bado umelala, nikaingia mimi kwanza. Nikasimama maji yaliponifika mbavuni. Nikamwambia aogelee kati yangu na nchi kavu, akiambaa na ufuko, asinipite kamwe, na nikiona mdomo unatetemeka tunatoka wote. Alisimama ufukweni amejikumbatia, ananipima kwa macho.

"Baba alijua hivi?"

"Baba alikufundisha maji ya moto," nikamjibu. "Haya ya baridi nitakufundisha mimi."

Akaja.

Pumzika, mume wangu. Kipupwe niachie.

Mkeo,
Mama Neema